Dawa Ambayo Eulalie Hakuitaja

Madereva wa magari ya Walungu hawakujua kwamba anaitwa Eulalie. Kwao alikuwa Maman Kilo, na walilitamka jina hilo kwa heshima, wakishuka garini adhuhuri na njaa yao, wakiinama kuingia katika malewa yake, kibanda cha mabati chenye meza tatu na moshi wa kutosha meza kumi. Mwanamke anayeuza bugali na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, akiwa na mashavu yaliyojaa na shingo yenye mikunjo miwili hahitaji kibao mlangoni. Mteja anamtazama tu, anaamini. Hapa Bukavu, na tusidanganyane, si Bukavu peke yake, watu hawapendi kula chakula cha mpishi aliyekonda.

Kwa hiyo nyonga ya kulia ilipoanza kumuuma, msimu wa mvua wa mwaka juzi, hakuna aliyeshangaa. Mwili mkubwa, ngazi za mtaa wa Kadutu, magunia ya makaa: mguu gani usingelalamika? Eulalie mwenyewe alisema hivyo hivyo. Alijipaka mafuta ya kuchua, akachemsha majani aliyoletewa kutoka Walungu, akaenda kwa mzee mmoja anayeunga mifupa, naye akamvuta mguu mpaka Eulalie akamwita mama yake aliyekufa zamani. Maumivu yakatulia siku mbili, yakarudi yamekomaa. Baada ya mwaka hakuweza tena kuchuchumaa mbele ya mbabula na kupuliza makaa. Alipika amesimama, mkono mmoja kwenye nguzo, na jioni alipanda kwenda nyumbani ngazi moja moja, akipumzika kila baada ya nne.

Binti yake Charlène, mwenye miaka ishirini na miwili na mdomo usiomwogopa mtu, ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari wa mifupa aliweka picha kwenye mwanga akawaonyesha. Kichwa cha mfupa wa paja, kinachopaswa kuwa mviringo na kuzunguka vizuri ndani ya kikombe chake, kilikuwa kimebonyea. Damu iliacha kufika pale, akasema, na mfupa usiopata damu hufa ukiwa ndani ya mtu. Tiba ilikuwa moja, kukikata kile kichwa na kuweka nyonga ya chuma. Akaeleza mengine mengi, kwa upole na kwa mpangilio. Eulalie alisikia kukata tu.

Aliogopa. Nalisema wazi kwa sababu yeye hakulisema kwa mtu yeyote. Aliogopa kisu, aliogopa chuma, aliogopa kulala na kutoamka, aliogopa kuamka na kukuta mguu haupo. Usiku alimshika mumewe Jean-Baptiste mkono akijifanya kwamba amegeuka tu kitandani. Lakini hofu zote hizo zilikuwa za watu wote, kila mgonjwa anazo. Chini ya hizo kulikuwa na nyingine, ya kwake peke yake, na ilianzia pale daktari alipouliza kama kuna dawa yoyote aliyoitumia kwa miaka mingi. Alijibu kwamba hakuna.

Ilikuwepo. Miaka kumi na mmoja iliyopita Eulalie aliugua homa ya matumbo, akapona, lakini alipona akiwa mifupa mitupu. Alirudi kwenye malewa yake akiwa na nguo zinazomning'inia, na wateja wakaanza kula kwa jirani. Hakuna aliyemwambia neno. Walisimama tu mlangoni, wakamtazama usoni, wakakumbuka kwamba wana haraka. Jioni alimwaga sombe. Halafu maneno yakaanza, ya kwamba amepata ule ugonjwa, na ya kwamba mwalimu Jean-Baptiste anamnyima chakula. Mwanamke mmoja aliyeuza nyanya karibu naye alimvuta pembeni, akamtajia dawa, na mahali pa kuinunua.

Ni vidonge vidogo vinavyoitwa dexa. Madaktari huvitoa kwa mtu aliyevimba au aliyebanwa na pumu, kwa siku chache. Mjini vinanunuliwa kwa ajili ya mashavu. Eulalie alimeza vitatu kila asubuhi na chai, na kabla mwezi haujaisha uso ukajaa, mikono ikajaa, hamu ya kula ikarudi, na wateja wakarudi nayo. Tangu hapo hakuacha. Alivificha ndani ya kopo la chumvi, mahali ambapo mwanamume hatafuti kitu. Jean-Baptiste, mtu mwema anayefundisha shule ya msingi na kulipwa serikali inapokumbuka, alijivunia mwili wa mkewe kuliko kitu kingine chochote alichokuwa nacho. Kwenye harusi alipenda kusema kwamba wenye magari wana magari, yeye ana Maman Charlène. Watu walicheka, naye Eulalie alicheka, na kesho yake akameza vitatu vyake.

Siku ya pili ya kwenda hospitali, akiwa kwenye benchi anasubiri kutolewa damu ya vipimo, alimsikia muuguzi akimgombeza mama mmoja mlangoni. Alikuwa anamwambia kwamba dexa inakula mifupa, kwamba wanawake wanajiua kwa kutaka mashavu, na kwamba hata nyonga zinaoza. Yule mama aliinamisha kichwa. Eulalie naye akainamisha kichwa, benchi zima halikujua kwa nini. Ndipo alipofahamu kwamba mfupa wake haukufa wenyewe, aliuua, na akajua pia kwamba jambo hilo linaweza kusemwa kwa sauti mbele ya watu, kwenye korido, na muuguzi aliyechoka.

Hapo ndipo alipofanya kosa, na tusimcheke, kwa sababu alilifikiri vizuri kwa akili aliyokuwa nayo. Alisema moyoni kwamba damu ni maji yanayopita. Ukiacha kuyatia kitu, baada ya siku kadhaa yanakuwa safi. Akiacha vidonge sasa, daktari atapima na hatakuta kitu, mguu utatengenezwa, na siri itabaki ndani ya kopo. Upasuaji ulikuwa baada ya siku kumi. Jioni hiyo alimwaga vidonge vyote chooni, akasuuza kopo, akatia chumvi nyingine. Alilala akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aone ile picha.

Nyumbani maandalizi yalipamba moto. Fundi alitengeneza kiti kirefu chenye mikono, kwa sababu hospitali ilisema mtu mwenye nyonga mpya haketi chini. Jean-Baptiste alisawazisha njia ya kwenda chooni kwa jembe. Watu wa shirika lao la parokia walijitolea damu, wanne kwa zamu, na jioni walikuja kusali rozari sebuleni. Charlène alichukua malewa mikononi mwake, akawatia madereva nidhamu ndani ya siku tatu tu.

Siku ya nne bila vidonge, Eulalie alitapika chai. Siku ya sita magoti yalimlegea akiwa amesimama kuitikia Salamu Maria, ikabidi aketishwe. Kichwa kilizunguka, jasho la baridi lilimtoka, bugali ilimchukiza. Kila mtu alijua sababu. Ni woga, walisema, na mama mmoja wa shirika alieleza kwa kirefu jinsi mkwewe wa Kalehe alivyotapika juma zima kabla ya kupasuliwa henia. Eulalie aliwasikiliza akaamini. Alikuwa na woga kweli, mwingi, usiku na mchana, na mtu mwenye woga wa namna hiyo hawezi kujua woga unaishia wapi na ugonjwa unaanzia wapi.

Jioni ya kuamkia upasuaji alilazwa. Aliyekuja kumwona alikuwa Guylain, mtaalamu wa ganzi na usingizi, mtu mfupi mwenye sauti ya chini aliyebeba faili lake kifuani. Pale kitandani walikuwa Jean-Baptiste na dada yake, Olive. Huyu Olive inafaa umjue. Alikuwa mnene kuliko Eulalie, mweupe wa mafuta na vipodozi, mwenye duka la vitenge Nyawera, na habari iliyoingia dukani mwake asubuhi ilikuwa imefika Bagira, upande mwingine wa mji, kabla ya misa ya jioni. Guylain alimwaga kitandani mfuko wa dawa alioletewa, akazitazama moja moja. Zilikuwa za maumivu na za tumbo. Akampima, akakunja uso kidogo, akasema presha iko chini, pengine kwa kutokula. Kisha akauliza.

"Maman, dawa yenye uko unakunywa ni hii tu? Ile ya kunenepesha, dexa, hakuna?"

Kabla Eulalie hajafungua mdomo, Olive alicheka.

"Docteur, huyu kaka yangu njo anamulishaka muzuri."

Jean-Baptiste akatabasamu akitazama viatu vyake, kama mtu aliyesifiwa mbele ya wakubwa. Guylain hakucheka. Aliendelea kumtazama mgonjwa. Eulalie aliona uso wa mumewe, akaona mdomo wa Olive ukiwa wazi bado, akaliona duka la Nyawera na wanawake wote waliomo, akaona madereva wakisimama mlangoni na kukumbuka kwamba wana haraka. Akasema hapana, ni hizi tu. Guylain akaandika.

Asubuhi walimpiga sindano ya ganzi mgongoni, na miguu ikamtoka, ikawa ya mtu mwingine. Walitundika kitambaa cha kijani mbele ya macho yake. Hakuona kitu, lakini masikio hayakutiwa ganzi. Alisikia msumeno. Alisikia nyundo, na kila pigo lilitikisa meza na meno yake, lakini halikumuuma, na huko kutouma kulimtisha kuliko maumivu yenyewe. Alisali mpaka maneno yakachanganyika. Halafu sauti ya Guylain ikaanza kurudiarudia, kwamba tension, presha yake, inashuka, inashuka tena, leteni maji mengine, na dari ikaanza kwenda mbali. Eulalie alifikiri kwamba ndiyo hivi watu wanavyokufa, wakiwa macho, wakisikia fundi anaendelea na kazi.

Hakufa siku hiyo. Nyonga ilikaa vizuri, daktari alifurahi, na alipelekwa wodini na mto katikati ya mapaja ili asikunje miguu vibaya. Lakini kesho yake, saa nne asubuhi, wakati wagonjwa wenzake wanakunywa uji, Eulalie alianza kuzimika. Alitapika maji matupu. Midomo ilikuwa mikavu, mikono baridi, na presha ilipopimwa muuguzi alipima tena kwa kutoamini. Wakafikiri anavuja damu ndani, wakamtundikia chupa ya damu ya watu wa shirika. Haikusaidia. Wakatazama kidonda, kilikuwa kikavu. Wakapima malaria, hakuna. Daktari alisimama upande wa miguuni wa kitanda akitaja ugonjwa mmoja baada ya mwingine na kuuondoa, na Eulalie, aliyekuwa anasikia kila kitu kwa mbali, alielewa kwamba mtu huyu aliyesoma sana anatafuta kitu ambacho hakipo kwenye orodha yake, kwa sababu yeye ndiye aliyekitoa.

Guylain aliinama karibu na sikio lake. Hakuuliza mara moja. Aliwaomba ndugu watoke kidogo. Jean-Baptiste alitoka. Olive alirudi nyuma hatua mbili, akasimama pale pale kwenye pazia na mkoba wake kifuani.

Eulalie alimwona. Akafikiri, na wazo lilimjia polepole, kwamba akinyamaza atakufa na heshima yake. Watamuosha, watasema amekufa mnene, Jean-Baptiste atalia na kusema alimtunza, na Olive ndiye atakayetoa kitenge cha kumfunika. Hakuna atakayejua. Aliliangalia wazo hilo akaliona kuwa zuri, na hapo hofu ilimshika kwa nguvu ambayo hajawahi kuijua, kwa sababu ilikuwa imebaki kidogo tu akubali. Hakutaka kufa. Alitaka kuudhiwa na Charlène, alitaka moshi wake, alitaka hata mguu mbovu.

"Dexa," akasema. "Tatu kila asubuyi. Onze ans, myaka kumi na moja. Niliacha siku kumi mbele ya kupasuliwa, juu musiione mu damu."

Guylain hakumgombeza. Alimwita muuguzi, akataja jina la dawa, na sindano ikaingia kwenye mshipa kabla Eulalie hajamaliza kulia. Baadaye alikuja kumweleza. Mwili wenyewe hutengeneza kitu kama kile, kidogo kidogo, juu ya figo. Ukiuletea kutoka nje miaka mingi, unaacha kutengeneza. Ukikata ghafula, hauna chake wala chako, na mtu anaanguka. Kwa hiyo alichomchoma kilikuwa ndugu wa vile vidonge Eulalie alivyovimwaga chooni. Atakimeza kila siku, akipunguza kwa miezi, kwa karatasi na kwa tarehe, na asiache peke yake hata siku moja. Alimwambia pia kwamba uso utapungua. Kufika saa tisa alasiri Eulalie aliomba chai, na alipoinua macho kwenye pazia, Olive hakuwepo.

Jean-Baptiste aliambiwa na daktari. Alirudi akakaa kando ya kitanda, akipangusa miwani ambayo haikuwa na vumbi.

"Ulikuwa unaogopa nani?" akauliza.

"Batu. Na weye."

Hakumfariji. Alisema tu kwamba yale maneno ya kwenye harusi ni ya kijinga na kwamba alipaswa kuyaacha zamani, halafu akaenda kununua mkate. Eulalie alimwona amekosewa, na alikuwa na haki ya kukosewa, na hilo nalo likaongezeka kwenye yale ya kuogopa.

Maana kupona kulikuwa na hofu zake. Mama wa mazoezi, mwenye mikono ya mchimba shamba, alimsimamisha siku ya tatu na kumwambia atembee, naye Eulalie alishikilia fremu akiamini kwamba chuma kitachomoka na kuanguka sakafuni mbele ya wodi nzima. Hakikuchomoka. Alifundishwa kwamba asiiname kuokota kitu, asikunje mguu juu ya mwingine, asikae chini. Alifundishwa kwamba kwenye ngazi mguu mzima hutangulia kupanda na mguu mbovu hutangulia kushuka. Aliyasema hayo kimoyomoyo kila alipoona ngazi, na mtu anayekaa Kadutu haoni kitu kingine.

Nyumbani aliketi kwenye kiti chake kirefu, juu ya wageni wote, akawaangalia wakimwangalia. Nyonga haikuuma. Lile jino lililomtafuna miaka miwili lilikuwa limeng'olewa, na mara nyingine alilitafuta akashangaa. Lakini kila juma kidonge kilipungua, na yeye alipungua nacho. Mashavu yalishuka. Ngozi ya mikono ikalegea. Kufika juma la sita, kioo kilimwonyesha mwanamke aliyerudi kutoka kwenye ile homa ya zamani. Hakutoka nje. Charlène alisema madereva wanauliza habari, Eulalie akamwambia awajibu kwamba bado amelala.

Olive hakuja. Juma la kwanza, la pili, la tano, hakuja hata kusalimu, na Eulalie alijua kwa nini. Alilisikia duka lile akiwa kitandani. Alijua neno kwa neno jinsi Olive anavyosimulia, anavyoigiza ile sauti ya mgonjwa, anavyopiga makofi mwishoni. Kila aliyepita njiani akicheka, alikuwa anamcheka yeye. Alimchukia Olive mchana kutwa, kwa bidii, na mazoezi aliyafanya kwa hasira hiyo.

Alhamisi moja, Jean-Baptiste akiwa shuleni na Charlène kwenye malewa, Olive aliingia bila kubisha. Alifunga mlango nyuma yake. Eulalie alikuwa amejiandalia maneno ya majuma sita, lakini hakupata la kuanza nalo, kwa sababu Olive aliketi sakafuni, juu ya mkeka, na kitenge chake kizuri, akajiegemeza ukutani. Uso ulikuwa mnene vilevile na rangi ya majivu.

"Nilibitupa," akasema. "Leo siku ya tano. Kila kitu niko natapika."

Eulalie hakuuliza ni vitu gani. Alimuuliza amekunywa miaka mingapi, Olive akafumba macho akasema asimuulize hilo. Alisema hakumwambia mtu yeyote aliyoyasikia. Tangu siku ile ya pazia hakulala vizuri. Kila usiku aliona atakufa, na kila asubuhi alimeza tena, mpaka Jumapili alipopata nguvu akavitupa vyote mara moja. Aliomba alale hapo kidogo, apumzike, atapata nafuu.

Eulalie alimwangalia mikono. Ilikuwa imelowa jasho. Aliijua ile baridi bila kuigusa. Kulala hapo kidogo ndiko alikokuwa anakwenda yeye siku ile ya chupa ya damu. Hakukuwa na mtu ndani ya nyumba isipokuwa wao wawili, mmoja hawezi kuinama na mwingine hawezi kusimama, simu ya Jean-Baptiste hufungwa akiwa darasani, na ya Charlène haisikiki kwenye kelele za adhuhuri. Olive akasema hawezi kwenda, watu watamwona. Eulalie akachukua magongo aliyopewa hospitali.

Alimshusha. Ngazi arobaini na moja mpaka barabarani, mguu mbovu mbele, mguu mzima nyuma, Olive ameshika ukuta na yeye ameshika magongo, na kila hatua alikuwa anaona jinsi watakavyoanguka wote wawili na chuma chake kikivunjika chini ya uzito wa wifi yake. Walipofika chini miguu yote mitatu mizuri ilikuwa inatetemeka. Teksi husimama pale pale kwenye maegesho ya magari ya Walungu, na ilikuwa adhuhuri. Madereva walikuwa wamejaa. Mmoja, aliyekula kwake miaka minane, alimtazama, akageuka kwa mwenzake, na hakushusha sauti ya kutosha.

"Yule haiko Maman Kilo?"

"Njo yeye. Alikwisha."

Lilimchoma, nisiseme uongo. Lilikuwa ndilo neno aliloliogopa miaka kumi na mmoja, na lilimfikia akiwa barabarani mchana, uso mtupu, bila hata kitambaa kizuri kichwani. Alisimama akalisikia lote. Kisha akamwambia mwenye teksi asogeze kiti nyuma, kwa sababu hawezi kukunja mguu, na wamtangulize huyu mwingine.

Hospitali walipokelewa kwenye korido ile ile yenye benchi. Muuguzi alimkimbilia Eulalie, aliyekonda, mwenye magongo, akamshika mkono ampeleke ndani. Benchi zima liligeuka. Olive, mnene, mwenye kitenge, alisimama wima kwa nguvu zote alizobaki nazo, akajaribu kutabasamu.

"Ni huyu mugonjwa," akasema. "Miye nilimusindikiza tu."

Eulalie aliuchomoa mkono wake mikononi mwa muuguzi. Angeweza kumnyooshea Olive kidole, na angekuwa na haki, lakini alijua vizuri mno jinsi mtu anavyosema hapana mahali kama hapa. Akajisema yeye, kwa sauti ya malewa, ile ya kuwaita madereva wakati magari yananguruma, mpaka mtu wa mwisho kwenye benchi akasikia. Alisema kwamba alikunywa dexa miaka kumi na mmoja ili wateja wasimkimbie. Kwamba nyonga yake ilioza, na hii aliyonayo ni chuma. Kwamba aliulizwa akakataa, akaacha ghafula ili asijulikane, na alikuwa amebakiza pumzi chache. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mwishoni mwa benchi alivuta kitenge kufunika mashavu yake.

Olive akasema, "Quatorze ans." Miaka kumi na minne. Kisha akaanguka, na muuguzi akamdaka.

Guylain alikuja mbio. Sindano ilikuwa ile ile. Walimlaza kwenye kitanda cha mlangoni, na Eulalie akaegemea ukuta karibu naye, kwa sababu viti vyote vya pale vilikuwa vifupi mno. Alimwangalia mpaka rangi ilipoanza kurudi midomoni. Olive alifungua macho akamtazama muda mrefu, mashavu yaliyoshuka, shingo iliyolegea, mifupa ya mabega inayoonekana chini ya blauzi, na macho yake yakajaa woga ambao Eulalie aliufahamu wote.

"Na miye nitakonda vile?"

"Njo," akakubali Eulalie. "Kama Mungu anapenda, utakonda."